Kusafirisha pikipiki yako kutoka Ulaya hadi Mombasa kwa likizo ya barabarani: mwongozo kamili

Kreti yangu niliiona kwa macho siku ya pili baada ya kutua Mombasa. Ilikuwa ghalani, karibu na bandari ya Kilindini, nzima, mikanda haijalegea, pikipiki imesimama ndani yake vilevile nilivyoiacha Hamburg. Nikaigusa siku ya kumi na moja. Pasi yangu ina majina matatu, hati ya shehena, ile karatasi ya meli inayotaja mzigo na mpokeaji wake, ilikuwa na mawili, na wakala wa forodha nilimtafuta mzigo ukiwa tayari baharini. Siku zote hizo ghala linahesabu gharama, likizo inakatika, na mimi nakunywa madafu kando ya bahari pale Mama Ngina nikitazama meli zikiingia.

Tangu hapo nikiulizwa na ndugu na marafiki walioko Ujerumani, Uholanzi au Uingereza jinsi ya kupeleka pikipiki nyumbani kwa matembezi, jibu langu ni moja: panga safari ukianzia geti la bandari ya Mombasa, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye gereji yako. Wengi hufanya kinyume. Hutafuta bei nafuu ya meli kwanza, halafu Mombasa ndiyo inawala.

Kabla ya yote: je, inafaa?

Kama likizo yako haifiki wiki nne, kodi pikipiki Nairobi au Arusha. Nasema hivi nikijua raha ya kupanda chombo chako mwenyewe, kiti kilichokuzoea, injini unayoijua sauti yake. Lakini kwa wiki mbili au tatu, siku za kusubiri bandarini zitaimeza safari. Kuanzia wiki sita na kuendelea, au kama una wenzako watatu wanne wa kugawana kontena, hapo hesabu inaanza kuwa na maana.

Angalia pia majira. Masika huwa Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mimi hulenga pikipiki ifike mwishoni mwa Mei, nipande Juni na Julai, kusi likivuma na barabara za udongo zimekauka.

Hatua ya 1: wakala wa Mombasa

Miezi minne kabla ya safari, tafuta wakala wa forodha mwenye leseni aliyewahi kutoa gari au pikipiki ya mtalii kwa kaneti, kitabu cha kuingizia chombo kwa muda bila kulipa ushuru. Sisitiza hilo. Wako mawakala hodari wa kutoa magari ya Japani yanayolipiwa ushuru, ila mgeni anayeingiza chombo kwa muda na kukirudisha ni kazi nyingine, na asiyeijua atajifunzia kwenye pesa zako.

Muulize haya kwa maandishi: jumla ya malipo yote upande wa Mombasa, yaani ada za kampuni ya meli, hati ya kutolea mzigo, ghala la kufungulia makontena, ukaguzi wa forodha na malipo yake mwenyewe. Muulize siku ngapi mzigo hukaa bila kulipiwa, na baada ya hapo kila siku ni kiasi gani. Muulize jina la nani liandikwe kama mpokeaji. Kwa kaneti, mpokeaji huwa ni wewe mwenyewe, jina kama lilivyo kwenye pasi, neno kwa neno. Wakala huandikwa kama mtu wa kupewa taarifa meli ikifika.

Hapa ndipo siri ya bei nafuu inapojificha. Ukipeleka kreti moja kwenye kontena la kuchangia, mchanganyaji wa mizigo Ulaya anaweza kukutoza kidogo sana kwa mita ya ujazo. Faida yake anaitafuta upande wa pili, kwenye ada za ghala ambazo hazimo kwenye bei aliyokutajia. Nimeona ada za Mombasa zikizidi nauli yote ya bahari. Usikubali bei ya kusafirisha bila kuwa na bei ya kupokea mkononi.

Hatua ya 2: kaneti

Jina lake kamili ni Carnet de Passages en Douane. Hapa nitaiita kaneti. Ni kitabu kinachoiambia forodha kwamba chombo hiki ni cha mgeni, kitatoka, na kisipotoka kuna chama cha madereva kitakacholipa ushuru. Kwa Ujerumani hutolewa na ADAC. Kwa nchi nyingine za Ulaya ulizia chama cha madereva cha nchi pikipiki ilikosajiliwa. Mkenya anayetaka kupeleka pikipiki yake nje huipata AA Kenya. Huwa hai kwa mwaka mmoja.

Chama hakikuamini kwa uso. Kitataka dhamana, kwa fedha taslimu au kupitia benki, kulingana na thamani ya pikipiki na nchi unazopita. Misri inajulikana kwa kupandisha dhamana juu, hivyo usiitaje kama huendi. Fedha hiyo hurudi, lakini itakuwa imefungwa kwa miezi, basi usiihesabu kwenye pesa za mafuta.

Kila ukurasa wa kaneti una vipande vitatu. Cha chini hubaki na forodha ya nchi unapoingia. Cha kati hubaki kwao unapotoka. Cha juu hubaki kitabuni kikiwa na mihuri miwili, wa kuingia na wa kutoka. Ukurasa wenye muhuri wa kuingia bila wa kutoka ni deni: kwa maandishi, pikipiki yako bado imo nchini humo. Kwenye kila mpaka, kabla hujawasha injini, fungua kitabu mbele ya ofisa na uhakikishe muhuri, tarehe na sahihi. Kama ana haraka, wewe usiwe nayo.

Kuna wanaopita mipaka ya nchi kavu kwa kibali cha muda cha forodha bila kaneti, na hilo huwezekana kwa nchi nyingi za ukanda wetu. Kwa chombo kinachoshuka melini mimi sijaribu. Kutoa mzigo bandarini bila kaneti huweza kuleta madai ya dhamana papo hapo, na hapo huna ujanja.

Sasa namba. Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, na kwa utaratibu wa kimataifa haitumii kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Kwa hiyo ukiona O kwenye karatasi yoyote, karani amekosea, irudishe isahihishwe. Chukua tochi, soma namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ilinganishe na kadi ya pikipiki, kaneti, bima na hati ya shehena. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Ofisa wa Kilindini atainama aisome chumani, na tarakimu moja ikipishana kazi inasimama.

Na majina. Sisi wengi tuna jina letu, la baba na la babu kwenye pasi, halafu huku Ulaya tunaandikisha pikipiki kwa mawili. Rekebisha kadi mapema, au uwe na majina yaleyale kwenye kaneti na hati ya shehena kama yalivyo kwenye pasi, na umwonyeshe wakala tofauti hiyo kabla mzigo haujapanda meli.

Hatua ya 3: bahari au anga

Kwa bahari kuna njia tatu. Kontena la kuchangia, ambalo nimelieleza. Meli za magari, ambamo pikipiki husukumwa ndani na kufungwa bila kreti. Ni rahisi, lakini chochote kinachofunguka kwa mkono huweza kupotea. Na kontena zima la futi 20, ambalo kwangu ndilo bora mkiwa kundi. Ndani lina urefu wa mita 5.9 na upana wa mita 2.35, hivyo pikipiki tano kubwa huingia zikifungwa vizuri, na mnaepuka malipo mengi ya ghala la kuchanganya.

Hakikisha hati ya shehena imeandikwa Mombasa kuwa mwisho wa safari. Makontena mengi hupandishwa reli ya SGR hadi bandari kavu ya Nairobi, na nisingependa usimame Changamwe huku pikipiki yako inapita Voi.

Muda usiuamini sana. Tangu mwisho wa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliwafanya wenye meli wengi waikimbie njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka kwa takribani wiki mbili. Tena kontena huweza kubadilishwa meli njiani, katika bandari kama Salalah ya Oman au Jebel Ali ya Dubai, na likisubiri huko hakuna wa kumpigia simu. Mimi huhesabu wiki nane hadi kumi tangu pikipiki iache mkono wangu, na tiketi ya ndege naikata ya kubadilishika tarehe.

Kwa ndege, Frankfurt au London hadi Nairobi, ni suala la siku. Bei hutegemea uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000, unapata kilo za kulipia kama zinazidi uzito wa mizani. Kreti ya sentimita 220 kwa 90 kwa 120 inalipiwa kilo 396, hata kama pikipiki na kreti ni kilo 250. Vua tairi la mbele, kioo cha upepo, vioo vya pembeni na masanduku, legeza usukani uulaze. Kreti ikishuka hadi 190 kwa 80 kwa 105, unalipia kilo 266. Kazi ya asubuhi moja imeokoa kilo 130. Kwa pikipiki moja, ukishajumlisha ada zote za bandari, ndege mara nyingine haiko mbali na meli kama watu wanavyodhani. Piga hesabu zote mbili.

Kwa ndege pikipiki huhesabiwa mzigo wa hatari, namba UN 3166, na huhitaji tamko la mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Mafuta yanyonywe kadiri iwezekanavyo. Yakibaki yasizidi robo ya tangi. Betri ilindwe vichwa vyake visigusane na chuma. Wenye meli nao wengi hutaka tangi liwe tupu.

Hatua ya 4: kreti

Nenda kwa muuza pikipiki mpya, uombe fremu ya chuma iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Wengi wanazo nyuma ya duka wakisubiri kuziuza chuma chakavu, na hukupa bure ukiwasaidia kubeba. Ukitumia mbao, ziwe zimepikwa kwa joto la nyuzi 56 kwa nusu saa au zimefukizwa dawa, na zibebe muhuri wa ISPM 15, ule wenye picha ya suke la ngano. Mbao bila muhuri huo zinaweza kuzuiwa na wakaguzi wa mimea, kwa sababu mende wa misitu ya Ulaya hupanda ndani yake.

Osha pikipiki, ikauke siku nzima. Paka dawa ya kuzuia kutu kwenye boliti na nyaya, mbali na diski za breki. Ukivua tairi la mbele, ingiza kipande cha ubao katikati ya pedi za breki, maana mtu akibana mkono wa breki bila diski, pistoni zinatoka na huna wa kuzirudisha ghalani. Boliti za kila kifaa zifunge kwenye mfuko wake na uufunge mahali pale pale ulipozitoa.

Funga kwa mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma. Ya mbele ishike chuma kinachobana shokapu chini ya usukani, si usukani wenyewe. Usukani hupinda na nyaya za klachi huumia. Minya shokapu hadi nusu ya mwendo wake, si zaidi. Zikibanwa hadi mwisho kwa wiki nane, sili za mafuta hupasuka. Ziachwe zimelegea, pikipiki hurukaruka kila wimbi. Kipande cha ubao kati ya tairi na madigadi husaidia kama tairi limebaki.

Usiizungushie nailoni ukaikaza. Kontena linalotoka baridi ya Hamburg na kuvuka ikweta hutoa jasho: maji hutiririka kutoka darini usiku, na nailoni inayafungia ndani na chuma. Shuka kuukuu juu, vifuko vya kunyonya unyevu, na hewa ipite.

Ndani ya masanduku weka tu kile ulichoandika kwenye orodha ya mzigo: spana, tyubu, pampu, kebo ya akiba ya klachi. Nguo mpya na zawadi za shangazi ni mzigo wa kibiashara machoni pa ofisa. Kofia, jaketi na viatu vya kuendeshea panda navyo ndege.

Mwisho piga picha. Pande zote nne, mita ya kilomita, namba ya chesisi, kila mkwaruzo uliokuwepo, kisha kreti ikiwa imefungwa. Bila picha hizi hatua inayofuata haina nguvu.

Hatua ya 5: bima ya mzigo

Wengi huiruka, na mimi niliiruka mara ya kwanza. Mwezi Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama Suez kwa siku sita, na baadaye mwenye meli akatangaza kile ambacho sheria ya bahari inaruhusu tangu zamani: gharama za kuiokoa meli zigawanywe kwa wote wenye mali ndani yake. Ikitangazwa hivyo, mzigo wako hautolewi mpaka uweke dhamana ya mchango wako, hata kama haukuguswa. Meli yenyewe ilizuiwa Misri hadi Julai. Bima ya mzigo hubeba mchango huo. Omba ile ya hatari zote, inayoitwa Institute Cargo Clauses A, na usome kama inakubali mikwaruzo kwa chombo kilichotumika.

Hatua ya 6: siku ya kuitoa

Meli ikishafika, wakala hulipa kampuni ya meli na kuchukua hati ya kutolea mzigo. Kama hati ya shehena ni ya asili, lazima nakala moja ya asili ifike Mombasa. Ukikubaliana mapema na kampuni itoe idhini ya kielektroniki, hakuna karatasi ya kupotea posta. Baada ya hapo forodha hukagua chesisi na kugonga kaneti. Uwepo mwenyewe. Mwenye mali akiwa amesimama pale kwa heshima, anasalimia, ana nakala tano za kila kitu, mambo huenda.

Fungua kreti mbele ya mtu wa ghala. Ukiona kilichovunjika, kiandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano kabla hujatia sahihi. Kwa mizigo ya bahari, uharibifu usioonekana nje mara nyingi hutakiwa kutolewa taarifa kwa maandishi ndani ya siku tatu. Kwa ndege, Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 14.

Nenda na mafuta lita chache, pampu, na nyaya za kuchajia. Na kreti usiitupe! Ukigeuka dakika tano imeshakuwa banda la kuku. Mlipe wakala akutunzie, utaihitaji.

Barabarani

Kata bima ya hapa mjini pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo inakubaliwa pia Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kenya, Tanzania na Uganda mnaendesha kushoto. Ukivuka kuingia Rwanda, Burundi au Kongo, unahamia kulia, na pale mpakani ndipo watu hujisahau. Cheti cha homa ya manjano kiwe mfukoni. Mbuga kubwa haziruhusu pikipiki getini, ingawa barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Mikumi na twiga utawaona bila kulipa kiingilio. Punguza mwendo pale.

Kwa safari ya kwanza ningekushauri Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga. Ni kama kilomita 100 tu kutoka Mombasa hadi mpakani, lami nzuri, na utajua mapema kama kuna boliti iliyolegea.

Kurudi

Weka nafasi ya meli ya kurudi kabla hujaondoka Mombasa kwenda barabarani, na urudi mjini siku saba kabla ya kupakia. Osha pikipiki hadi chini ya madigadi: udongo wa nje hauruhusiwi kuingia Ulaya. Toa vumbi jekundu kwenye chujio la hewa na ndani ya masanduku.

Muhuri wa kutoka ndio usioruhusiwa kuukosa. Kwa meli hugongwa bandarini mzigo ukishakaguliwa kwa ajili ya kupakiwa, na huenda ndege yako iko kabla ya hapo. Kama ni lazima uondoke, mwachie wakala kaneti kwa maandishi, na asikutumie kabla ya kukupigia picha ukurasa wenye mihuri miwili. Ukikosa muhuri, dawa ipo ila ni ndefu: unaipeleka pikipiki mbele ya forodha ya nchi unakoishi, nao wanathibitisha kwa hati kwamba imesharudi.

Upande wa Ulaya, bidhaa iliyotoka na kurudi ndani ya miaka mitatu bila kubadilishwa husamehewa ushuru, kwa hiyo tunza karatasi za kutokea na kadi ya usajili pamoja. Kisha rudisha kaneti kwenye chama kwa posta ya rejista, ukiwa umebaki na nakala ya kila ukurasa, na omba risiti ya kufungwa kwake. Dhamana hairudi mpaka hiyo risiti itoke.